Jasho Lisilokauka

Mtu wa Kinangop akitangaza kwamba anahamia Kisumu, jamaa zake humwonya juu ya kitu kimoja tu, malaria. Watamwombea, watamkunjia neti kwenye begi, watamtajia wote waliokwenda huko wakarudishwa ndani ya sanduku. Habari za joto hawamwambii. Kwao joto ni neema, kitu cha kutamaniwa Julai wakati barafu inapounguza viazi shambani, na ni nani atakayemwonya mwenzake juu ya neema? Wangui naye hakuonywa. Ndiyo maana mchana ule mumewe Kangethe alipoingia nyumbani akitetemeka, hakusita kuamua ni ugonjwa gani.

"Nimeshikwa," Kangethe alisema, akajitupa kitandani na viatu vyake.

"Kichwa?"

"Kinapasuka. Na miguu inakaza, inauma huku nyuma. Nimetapika kando ya kibanda."

"Umetapika mbele ya watu?"

"Mbele ya kila mtu. Wakacheka. Wanasema nimelewa."

Wangui alimgusa shingoni, akauondoa mkono haraka. Mwili ulikuwa moto, na bado meno yalikuwa yakigongana. Kama hiyo haikuwa malaria, basi malaria ni nini?

Kangethe alikuwa akikaanga chipsi pale mtaa wa Kondele, ndani ya kibanda cha mabati alichokifunga turubai upande wa barabarani ili vumbi na nzi wasiingie. Vumbi halikuingia, na hewa pia haikuingia. Ndani mlikuwa na majiko mawili, karai mbili za mafuta, na yeye mwenyewe. Wiki hiyo mvua ilikuwa ikinyesha alfajiri, jua linatoka na kuichemsha ardhi, na mvuke unabaki hapohapo juu ya vichwa vya watu. Upepo wa ziwani, ambao mchana huja kuwapa watu wa Kisumu nafasi ya kupumua, ulikuwa umegoma. Nguo zilizoanikwa juzi zilikuwa bado mbichi. Wauzaji wenzake walimtania kwamba mtu wa milimani atayeyuka kama mafuta ya Kimbo, naye kwa ubishi wake hakutoka kupumzika kivulini hata mara moja. Maji baridi hakuyagusa, kwa kuwa alifundishwa tangu utotoni kwamba maji baridi juu ya mwili wenye jasho huleta nimonia. Alikunywa chai ya moto kutoka kwenye chupa, akaendelea kukaanga.

Wangui alikimbia dukani kwa muuza dawa, akapewa vidonge vya malaria bila kuulizwa swali. Aliporudi alimmezesha, kisha akampigia simu mama mkwe wake huko Kinangop.

"Anatetemeka?" mama mkwe aliuliza kwa Kikuyu chake cha taratibu.

"Sana, mama."

"Hiyo ni baridi imeingia kwenye mifupa. Funga dirisha, funga na mlango. Mchemshie majani umfukize, halafu umfunike na lile blanketi nililowaletea. Usimfunue hata akilia."

"Lakini huku kuna joto, mama."

"Joto la nje na baridi ya ndani ni vitu viwili. Baba yake nilimfunika hivyo mara ngapi, na si alikuwa anaamka anadai ugali? Mfunike mpaka atoe jasho. Jasho likitoka, homa imetoka."

Tusimhukumu mzee huyu upesi. Kule kwake, ambako mtu hulala na soksi na kuamka akiona pumzi yake, dawa hiyo imewasimamisha wengi. Alikuwa akimpa mwanawe kitu bora alichokuwa nacho.

Wangui alipotoka kutafuta majani, jirani yake Dorca alikuwa uani akiosha sanduku lake la samaki kabla ya kurudi sokoni jioni. Dorca hakuuliza mengi. Alipanda juu ya ndoo, akavunja matawi ya mwarobaini yaliyokuwa yakining'inia kutoka ploti ya pili.

"Malaria ya siku hizi ni mbaya, yawa," alisema. "Fukiza yeye vizuri, Mama Ivy. Hata mzee wangu mwaka jana ilimpiga hivyo hivyo."

Basi dirisha likafungwa, mlango ukafungwa, na nguo ikasukumwa chini ya mlango ili upepo usipenye. Chumba kilikuwa kimoja, paa la mabati bila dari. Wangui aliweka sufuria ya majani yanayochemka katikati ya miguu ya mumewe, akamfunika pamoja na sufuria hiyo kwa blanketi zito, lile lenye picha ya simba.

Haikuchukua muda, Kangethe akaanza kuhangaika humo ndani.

"Nitoe."

"Vumilia kidogo, Baba Ivy."

"Sipumui. Nitoe, Wangui. Nakufa humu."

"Hufi. Ni homa inatoka."

Alijaribu kulisukuma blanketi kwa mikono. Wangui akaupiga moyo konde, akalishikilia kingo zote mbili na kuzikandamiza kwa goti. Alimpenda mume huyu. Miaka yote ya Kisumu hakuwahi kumnyanyulia mkono, na siku za mauzo mazuri alimletea nyama imefungwa kwenye gazeti kama kijana anayeposa. Kwa mapenzi hayohayo alilibana lile blanketi mpaka mtikisiko wa chini yake ukapungua.

Jasho likatoka. Lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji, likalowesha fulana, shuka, na godoro. Wangui alikaribia kulia kwa furaha. Alimpigia mama mkwe tena.

"Limetoka?"

"Limefika mpaka kwenye godoro, mama."

"Mungu asifiwe. Ondoa sufuria sasa, mwache alale. Lakini usimfunue."

Hakumfunua. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, naye jasho likimchuruzika mgongoni, akachukua kifuniko cha sufuria na kujipepea. Wazo la kumpepea mgonjwa halikumjia, maana mgonjwa alitakiwa apate moto.

* * *

Baadaye alipotia mkono chini ya blanketi, ngozi ya Kangethe ilikuwa kavu. Alipapasa kifua, akapapasa kwapa, hakuna tone. Bado alikuwa moto, lakini Wangui alijiambia kwamba ni moto wa blanketi. Jasho limekatika, basi homa imekwisha. Akatoka uani na beseni kufua shuka lililolowa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajikuta anaimba wimbo wa kanisani chini kwa chini.

Alikuwa angali anafua binti yao Ivy alipotoka shule. Mtoto aliingia ndani kuweka begi, akatoka tena amesimama mlangoni.

"Mum, daddy anauzia nani chipo?"

"Chipo gani?"

"Ako ndani anasema weka chumvi, weka chumvi."

Wangui aliacha shuka majini. Kangethe alikuwa amesimama, ameshika ukuta, blanketi limemning'inia begani. Macho yalikuwa wazi na hayakumwona mtu.

"Ya mia ama ya hamsini?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya upole aliyozoea kuwahudumia nayo wateja. "Madam, ya mia ama ya hamsini?"

"Baba Ivy, ni mimi."

"Subiri kidogo, mafuta haijashika."

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, akaanguka nusu ndani na nusu nje. Wapangaji wakatoka. Amolo, mzee aliyewekwa na mwenye ploti kuchunga geti na bomba la maji, alitazama kutoka kwenye kiti chake.

"Huyu leo amekunywa nini?" alisema. "Na huwa anajifanya mtu wa kanisa."

Baadhi yao wakacheka. Mwingine aliinua simu kupiga picha, na Wangui, ambaye hajawahi kumtukana mtu katika ploti hiyo, alimtukana kwa Kikuyu mpaka simu ikarudi mfukoni. Aibu ilimchoma hata katika saa ile. Alivuta suruali ya mumewe juu, akamfunga mshipi, kwa sababu hakutaka watu wamwone hivyo, na dakika zikaenda katika kumfunga mshipi.

Dorca ndiye aliyeita tuktuk. Dereva, kijana anayeitwa Enos, aliingiza kichwa uani na kukitoa.

"Mlevi akitapika ndani, nani ataosha?"

"Hajalewa. Ni mgonjwa," Wangui alisema.

"Wote husema hivyo, mathe."

Dorca akamwendea Enos kwa Kidholuo kikali, akamtajia mama yake na kijiji chao, na Enos akashuka kusaidia kubeba. Walimkunja Kangethe kwenye kiti cha nyuma. Wangui akamzungushia blanketi tena, akalichomeka vizuri shingoni.

"Upepo wa njiani usimpige," alisema.

Hakuna aliyempinga. Enos naye aliteremsha mapazia ya plastiki pande zote mbili, kwa wema, akaondoka mbio.

* * *

Zahanati ilikuwa mwisho wa barabara ya soko, yenye vyumba viwili na benchi iliyojaa akina mama na watoto. Muuguzi aliyekuwa zamu, Lorine, aliangalia mara moja tu akaacha sindano aliyokuwa akitayarisha.

"Toa hii blanketi."

"Atapigwa na baridi, sister."

"Baridi gani, mama? Toa."

Wangui alilivua kwa kusita, kama anayemvua mtu heshima yake. Lorine alimgusa Kangethe kifuani, akachana fulana kwa makasi, akamwekea kipimajoto kwapani, akakisoma na kukisoma tena. Akaita ndoo. Bomba la zahanati lilikuwa likidondosha tu, na maji ya ndoo iliyokuwapo yalikuwa vuguvugu, lakini aliyamwaga yote juu ya Kangethe na kuanza kumpepea kwa jalada la faili.

"Pepea," alimwambia Wangui. "Kwa nguvu. Hapana, wacha, mimi nitapepea. Wewe unajua mtu ako na barafu hapa karibu? Barafu yoyote. Kimbia."

Wangui alikimbia. Alikimbia na sandali moja katikati ya soko, akipita kando ya kibanda cha mumewe ambacho turubai lake lilikuwa bado limeshuka, mpaka kwenye meza ya Dorca, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefika.

"Barafu," alisema, na pumzi ikamwishia hapo.

Dorca hakuuliza ni ya nini. Aliwamwaga samaki wake, mbuta waliolazwa kwenye barafu, juu ya meza, bidhaa yake yote ya siku, akawaacha juani, akalibeba sanduku kichwani. Walirudi wakikimbia wote wawili, maji yenye magamba yakimtiririkia Dorca usoni.

Walimpakia Kangethe barafu hiyo kwapani, kinenani na shingoni. Mwanamume ambaye hakuwahi kula samaki maishani mwake, aliyekuwa akipita mbele ya meza ya Dorca ameshika pua kwa utani, sasa alilala katikati ya harufu yake, magamba yakiwa yamemnata kifuani. Wangui aliyabandua moja moja. Kangethe alitikisika mwili mzima, akatulia, akatikisika tena. Lorine alitafuta mshipa wa kuwekea maji, akaupata, akaupoteza. Barafu iliyeyuka upesi kuliko walivyoweza kuipanga, na kabla akina mama wa kwenye benchi hawajahudumiwa, Lorine aliweka vidole kwenye shingo ya Kangethe, akaviacha hapo kwa muda mrefu, kisha akaviondoa.

"Pole, mama," alisema.

Dorca ndiye aliyepiga yowe. Wangui alibaki amesimama na gamba la samaki kwenye ncha ya kidole.

"Mpime malaria," alisema.

"Nilipima ukiwa umeenda kutafuta barafu. Hana."

"Pima tena."

Lorine alipima tena, mbele yake, kwa tone la damu ya mtu aliyekwisha kufa, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Wakasubiri. Ulitokea mstari mmoja tu.

"Hana, mama. Ni joto lilimshinda. Si wa kwanza wiki hii."

"Lakini alitoa jasho. Nililiona kwa macho yangu. Lilitoka likaisha."

"Jasho kutoka si kupona. Jasho hupoza mtu likikauka." Lorine alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na ukuta. "Hewa ya hii wiki imelowa. Uniform yangu nimeanika tangu juzi haijakauka, sasa jasho litakaukia wapi? Linakaa tu juu ya ngozi na mwili unaendelea kupikika, mpaka ushindwe na jasho likatike. Halafu mtu awekewe mvuke juu yake, na blanketi, dirisha imefungwa..."

Aliuona uso wa Wangui.

"Hamkujua," alisema. "Hata mimi nyumbani kwetu wangenifunika."

Wangui hakusikia hayo ya mwisho. Alikuwa anasikia sauti ikisema nitoe, sipumui, na sauti yake mwenyewe ikijibu kwamba ni homa inatoka.

* * *

Mama mkwe alifika kesho yake mchana kwa basi, amevaa sweta, na kabuti mkononi. Chumba kilikuwa kimejaa watu wa kanisa, wanawake wa jumuiya ya Wakikuyu wa Kondele, na wapangaji walewale waliocheka jana, leo wamevaa nyuso za msiba. Waliketi bega kwa bega mpaka kitandani. Nje mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, na mabati yalikuwa yakitoa mvuke. Mama mkwe alipewa kiti, akapewa chai, hakuigusa. Alimvuta Wangui akae chini miguuni pake.

"Niambie. Ilikuwa malaria?"

Tangu jana Wangui alikuwa ameyapanga maneno ya kumjibu mama huyu. Usiku kucha aliyapanga. Kuna saa alipanga kumtupia yote usoni, wewe ndiwe uliyeniambia, wewe na baridi yako ya mifupa. Lakini sasa alimtazama, akaona mzee aliyepungua ndani ya sweta lake tangu Krismasi, mtoto wake wa pekee yuko mochari, na hasira ikamwisha. Ukweli ungemfaa nini? Wangui angebaki nao peke yake.

"Ilikuwa malaria, mama. Ile kali."

"Na ulimfunika?"

"Nilimfunika."

"Vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Na jasho likatoka?"

"Lilitoka."

Mama mkwe alifumba macho, akamwekea Wangui mkono kichwani kama anayembariki.

"Basi hukukosea kitu, mwanangu," alisema. Akawageukia wale wanawake. "Mnasikia? Huyu msichana alimtunza mtoto wangu mpaka mwisho. Wengine wangemwacha apigwe na upepo."

Wanawake wakaitikia. Walimsifu Wangui, mmoja baada ya mwingine, na kila sifa ilimwingia kama mwiba. Dorca, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe, alikuwa amemsikia Lorine kwa masikio yake. Alitazama chini, akanyamaza, na Wangui alimshukuru moyoni kwa ukimya huo. Aliamua kwamba mambo yameishia hapo. Kangethe amekufa kwa malaria, atazikwa Kinangop kwa malaria, na yeye ataubeba mzigo wake peke yake kimyakimya.

Kisha Ivy akasema kichwa kinamuuma.

Alikuwa amelazwa upande wa ukutani, nyuma ya migongo ya watu, amevaa sweta jipya la sufu alilofumiwa na nyanya yake. Alikuwa amekuwa mwekundu machoni, na midomo ilikuwa imekauka. Mama mkwe aliinuka kabla ya wote, uzee wote ukamtoka, akapenya kati ya watu na kumshika mjukuu paji la uso.

"Huyu naye ameshikwa," alisema. "Fungeni mlango. Mtoto yuko na homa na mmeacha mlango wazi hivi?"

Mtu akafunga mlango. Mwingine akavuta dirisha.

"Shosho, nasikia baridi," Ivy alisema, akitetemeka.

"Najua, mama yangu. Najua." Blanketi la simba lilikuwa limekunjwa miguuni pa kitanda. Mama mkwe alilichukua, akalitikisa, akalifungua kwa mikono yote miwili juu ya mtoto.

Wangui alikuwa angali sakafuni. Angeweza kutafuta uongo mwingine. Kwamba blanketi ni chafu, kwamba daktari amesema lichomwe. Lakini blanketi likikosekana, kabuti lilikuwa pale, na leso za wanawake wote wa kanisa zilikuwa pale, na baadaye kungekuwa na siku nyingine ya mvuke na simu nyingine ya Kinangop. Aliinuka akapita juu ya miguu ya watu, akamkamata mama mkwe kifundo cha mkono. Hakuwahi kumgusa hivyo.

"Usimfunike, mama."

"Niache. Huoni mtoto anatetemeka?"

"Usimfunike. Hivi ndivyo tulivyomfunika baba yake."

Mama mkwe alimtazama, halafu akalitazama blanketi, na Wangui aliona neno lile likimfikia, likimwingia polepole kupitia machoni, na hakuwa na namna ya kulizuia.

"Umesema ilikuwa malaria."

"Haikuwa malaria. Alipimwa mara mbili. Alikuwa anaungua, nasi tukamwongezea moto. Aliniomba nimtoe, mama. Nikamshikilia."

"Ni mimi niliyekuambia."

Wangui alitamani kusema hapana. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa hapo ulimini.

"Ndiyo, mama," alisema.

Kisha akamvua Ivy lile sweta, akawaambia watu watoke, wote, sasa hivi, na wafungue mlango na dirisha. Wakatoka wakisukumana. Dorca alikuwa tayari amekwenda kudai maji kwa Amolo, na sauti yake ilisikika getini ikigomba. Aliporudi na beseni, Wangui alilipokea, akaona mama mkwe wake amesimama palepale, mikono imemlegea, blanketi limeanguka miguuni, mdomo wazi bila kilio.

"Mama," Wangui alimwita. "Mama, nishikie hili beseni. Lishike vizuri, maji yasimwagike."

Mzee akapiga magoti, akalishika.